Kikombe Tumboni

Mgeni gani huingia kwako bila hodi, na siku akitoka asirudi, nawe hupo tena? Ukishindwa, mtazame Shomvi.

Alimeza vidonge vyake, akalala chali mkekani, barazani pa zahanati. Nesi akamwekea kikombe cha maji tumboni.

"Vuta pumzi polepole, kaka. Ukimwaga, utapiga deki!"

Kikombe kikapanda, kikashuka. Tone halikumwagika. Mama yake, Bi Mwanakheri, akashika mdomo. Ndiye huyu, ambaye sauti za kichwani hazimwachi hata amalize uji?

Akamuuliza lile la kila asubuhi, ambalo miezi mitatu hajajibiwa: "Hao wa kichwani wanasemaje leo, baba?"

Maji yakatikisika, yakatulia.

"Wapo, mama. Ila leo nao wanapumua."