Taa Nyekundu Siku ya Posa

Siku hizi kila choo kinampima saratani ya utumbo yeyote aliyetimiza miaka ishirini. Taa ya mlangoni ikiwa nyekundu, ni hospitali.

Khelef alikuja na wazee wake kuniposa. Alitoka msalani, akarudi kukaa nao. Mimi na mama tulikuwa koridoni na sinia la haluwa taa ilipowaka nyekundu. Mama akanipa sinia, akaingia chooni upesi, posa isije ikavunjika. Alipotoka, wazee wote walikuwa wanaitazama taa.

"Ni mimi," akasema.

Wakampa pole. Khelef akainuka, akamshika mkono.

"Usichelewe, mama," akamwambia kwa upole. "Ikiwahiwa inatibika."

Akarudi kukaa, akamega haluwa. Mama akanitazama. Nikainama, nikamimina kahawa.