Kombe la Mama

Siku hizi mchoraji akishauza mtindo wake, haruhusiwi kuutumia hata nyumbani kwake. Mimi niliiuzia kampuni ya gemu majoka yangu, mazimwi yangu na mwandiko wangu wa Kiarabu. Wakanivisha bangili inayolia nikishika kalamu.

Mama alipozidiwa na homa, nilimwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, kama alivyonifundisha mwenyewe. Bangili ikalia mpaka majirani wakatoka nje. Nikayaosha maandishi kwa marashi ya waridi, nikamnywesha.

Mkaguzi akaingia bila hodi. "Kazi ya kampuni iko wapi?"

Mama akajifuta midomo. "Nimeshainywa, mwanangu. Waambie wakubwa zako waifuate tumboni."

Kisha akanigeukia. "Mwanashumi, niandikie jingine."

Mkaguzi akiwa bado kasimama mlangoni, nikachovya kalamu.