Mia Moja na Moja

"Sensa ya presha ya gari la Mzee ilishakufa hii," alisema mdogo mtu, akiligonga daftari kwa kidole. "Wiki nzima inasoma themanini na tatu. Ikifika Jumamosi, mia moja na moja!"

"Sensa haifi Jumamosi ikafufuka Jumapili," dada yake alimjibu, kichwa kikiwa chini ya boneti. "Nipe pampu."

Dada alikuwa fundi, kama marehemu baba yao, na gereji ilikuwa ya baba kabla haijawa yake. Gari lilikuwa la marehemu pia, lenye turbo inayopiga mluzi kama mtu aliyefurahi. Dada ndiye aliyemwita mdogo wake apande huku mlimani kulichukua.

"Nitampa wa kwanza atakayelitaka," mdogo mtu alisema. "Mzee hakunitaka mimi, mimi na gari lake wapi na wapi?"

Dada aliipokea pampu. Miaka sita baba na mwana hawakusemezana, tangu kijana alipotupa spana akateremka kuendesha winchi bandarini. "Huko chini sitii mguu," Mzee aliapa, na watu wote wa gereji walimsikia.

Dada alichomoa mpira wa sensa, akachomeka pampu ya mkono yenye geji. "Soma kompyuta ya gari."

"Mia na hamsini."

"Geji nayo mia na hamsini. Sasa?"

"Mia mbili."

"Mia mbili. Nzima kuliko wewe."

"Basi Mzee macho yalimchoka."

"Macho yale? Alikuwa anaona nati iliyolegea akiwa ng'ambo ya barabara." Akafuta mikono. "Kila Jumamosi alikuwa akiaga kwamba anakwenda kulijaribu gari kwenye mlima. Anarudi jioni, anaosha matairi."

Daftari lilikuwa desturi ya Mzee. Kila alikofika alizima injini, akarudisha swichi bila kuwasha injini, akaandika sensa inasoma presha gani ya hewa ya mahali pale. "Hewa haina unafiki: ukipanda inapungua, ukishuka inazidi," alikuwa akisema.

"Ukifika kwako, fanya hivyo hivyo," dada alisema. "Mara moja tu. Halafu mpe umtakaye."

"Sawa, fundi mkuu. Ila huo mluzi utaniponza. Nina mbwa anayebwekea hata mvua. Jumamosi nikishinda kazini, yeye ndiye mwenye nyumba. Hajapita mgeni pale akabaki na suruali nzima."

"Tutaona," dada alisema, akafunga boneti polepole kuliko kawaida yake.

Kesho yake mdogo mtu aliteremka kwa saa nne mfululizo, mpaka hewa ikawa nzito na yenye chumvi. Alikata kona ya mtaa wake mchana kweupe, turbo ikipiga mluzi, akasimama mbele ya geti. Akazima injini. Akarudisha swichi.

Mia moja na moja.

Aliitazama namba ile, akatazama daftari, kisha akafungua mlango ashuke.

Mbwa alikuwa ameshatoka mbio, bila kubweka, mkia ukizunguka kama feni. Akampita bwana wake, akaweka miguu ya mbele juu ya kiti cha dereva, akakinusa, kisha akachungulia kiti cha nyuma, akimtafuta yule mwingine wa Jumamosi.