Mjane Kakubali?

Mwandishi alikuwa akiwasomea majirani riwaya yake, wamejibanza kwenye ghala la chini kukwepa mabomu, fundi cherehani alipoingia akihema.

"Vita imekwisha! Redio imetangaza!"

Mwandishi akapangusa vumbi la plasta kwenye karatasi zake, akazikunja. Hakuna aliyeinuka.

"Unakwenda wapi?" Shangazi yake akamdaka shati, yeye aliyezoea kuziita riwaya uongo mtupu. "Vita imekwisha, tumesikia. Mjane je, kakubali posa au kakataa?"

"Nisogezeeni kidogo," fundi akasema, akaketi.

Karatasi iliyofuata ilikuwa haijaandikwa kitu. Siku zote mwandishi alikusudia mjane afe kwa homa. Akamtazama shangazi.

"Kakubali."

Huko barabarani watu walisikia vigelegele vikitoka chini ya ardhi, wakasema kumbe habari za amani zimefika hata huko.