Mwanaanga Asiye na Kofia

“Leo hana kofia,” alisema Raïssa, pua yake ikikaribia kugusa kioo cha picha. “Na baridi yote hii!”

Nadim aliacha kukunja karatasi, akatazama ukutani. Mwanaanga mdogo alikuwa palepale kwenye anga jeusi tii, kofia ya chuma kichwani kama siku aliyochapwa, mkono mmoja juu, akipunga.

“Mama, ukimvua kofia huyo, umemuua,” Nadim alitania. “Huko juu hakuna hewa.”

Raïssa hakucheka. Alikaza kilemba chake cha njano, akaenda zake.

Katika duka lake dogo pale Woolwich, ughaibuni, Nadim aliuza matangazo ya gemu za zamani za Kijapani: kurasa zilizokatwa kwenye majarida ya miaka ya themanini, zenye roketi, mazimwi, na watoto wanaochekelea mbele ya televisheni nene kama kasha la bibi harusi. Wateja wake walikuwa wanaume wenye vipara waliotaka kuutundika utoto wao sebuleni. Yeye, mzaliwa wa Mombasa, Kijapani hakukijua hata herufi. Alichojua ni kwamba wino wa zamani na jua ni panya na paka. Kwa hiyo picha bora alizitundika ukuta wa nyuma, mbali na dirisha, zikitazama mlango wa kioo.

Raïssa alikuwa Mkongo wa Uvira, mtunza wazee. Siku za kazi alikuja alasiri, kelele za watoto zinapoanza kujaa barabarani, akasimama mbele ya picha ileile, mgongo mlangoni. Nyingine hakuzijali.

“Si usimame nje kidogo upate hewa?” Nadim alimwambia siku moja. “Utaota mizizi humu.”

“Nje nilikatazwa kusimama, baba.”

“Kwa sababu ya kifua?”

Raïssa aliweka mkono kifuani. “Ndiyo. Ni kifua.” Kisha akaonyesha maandishi yaliyozunguka roketi. “Haya yanasema nini?”

Mteja mmoja aliwahi kumfasiria. “Yanasema, ‘Mrudishe nyumbani kabla chai haijapoa.’”

Raïssa alishika ukingo wa meza. “Jana alinipungia,” alinong’ona.

Utani ulimkaukia Nadim mdomoni. Naye aliwahi kuzika mtoto. Sauti ile aliijua. “Anaitwa nani, binti yangu?”

“Gires. Siku hizi namwona hapa tu.” Akamgeukia, macho mekundu. “Usimuuze, baba. Nakuomba. Nikimkosa hapa, nimemkosa.”

Nadim alitikisa kichwa kukubali. Dunia ilikuwa imemchapa bakora za kutosha hata akajua kwamba mama mfiwa habishiwi. Akimwona mwanawe kwenye tangazo la gemu, basi yumo.

Lakini wema nao humwasha mtu. Kile kioo cha bei poa kilikuwa kikimkera siku nyingi: kiliakisi taa, kiliakisi mabasi yanayopita, mpaka mtu ainamishe shingo kama bata ndipo amwone mwanaanga. Maskini mama wa watu, alijisemea, anamtazama mwanawe kupitia takataka zote hizo!

Akamwita Gurpreet, fundi wa fremu. Gurpreet alikiondoa kioo kile, akaweka cha aina wanayotumia makumbusho, kisichoakisi hata cheche ya mwanga. Ungeapa hakuna kioo kabisa. Chini yake Nadim akabandika karatasi: HAIUZWI.

Alasiri ile alimpokea Raïssa mlangoni kama mwenye harusi. “Fumba macho, mama. Njoo, njoo… usinikanyage, miguu yenyewe ya kuazima hii. Haya, fumbua!”

Mwanaanga aling’aa kama amechapwa jana.

Raïssa alitazama. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Akaweka kiganja juu ya picha, akaipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

“Yuko wapi?”

“Si huyo hapo! Hata vifungo vya koti lake unaviona.”

“Baba, umemfanya nini?” Sauti ilipanda. “Kile kioo kiko wapi? Kirudishe!”

“Gurpreet amekitupa, mama. Kilikuwa kibovu, hakikuonyesha kitu ila barabara…”

Nje, kelele za watoto zilianza kupungua. Raïssa alisikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia duka lile, akaipa picha mgongo, akatazama nje ya dirisha.

Nadim alifuata macho yake. Ng’ambo ya barabara, kwenye geti la shule, mwanamke mwenye kitambulisho cha ustawi wa jamii shingoni alikuwa akimvuta mkono mvulana asiye na kofia. Mvulana aligoma kusogea. Alikuwa amekikazia macho kilemba cha njano, mkono mmoja juu, akipunga.