Majani Makavu

Farasi yule jike alikula kuliko wenzake wote zizini, na bado mapaja yake yalikuwa yakiisha. Alisimama amekusanya kwato zote nne chini ya tumbo, akitetemeka.

"Amekosa vitamini E," daktari wa mifugo alisema.

Kipchumba, mtunza farasi, alikodoa macho. "Ile ya kina mama kujipaka usoni?"

Daktari alicheka. Bosi, aliyemnunua farasi huyo Jeddah akamleta hapa Riyadh kwa mashindano, hakucheka.

"Iko kwenye majani mabichi," daktari aliendelea. " Makavu yamebaki jina tu. Mabichi alikula lini mara ya mwisho? Ikiwa ni miezi michache, dawa itamwinua. Ikipita mwaka, mishipa ya fahamu imeshakufa. Tutamlaza moja kwa moja kwa sindano asiteseke."

"Miezi miwili," bosi aliingilia. "Sivyo, Kipchumba? Sema miwili, yalla!"

Kipchumba alihesabu miezi. Kwao, ng'ombe akila majani mabichi ya lusini huvimba tumbo akafa kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana wiki yake ya kwanza hapa alimkataza muuzaji wa majani kuleta mabichi. Alidhani anamlinda. Mnyama anakufaje njaa na tumbo limejaa?

Aliweka kiganja kwenye paja la farasi. Nyama ilirukaruka chini ya ngozi, kama kitu kinachotafuta pa kutokea.

"Mwaka na miezi saba, daktari," alisema. "Nilikataza mimi."

Daktari alirudisha mkobani kichupa cha vitamini alichokuwa amekishika, akatoa kingine na sindano.