Mundu Namba Saba

Rangi nyeupe ya namba saba ilibaki kwenye kidole changu gumba. Ilikuwa bado mbichi.

Gereza letu halina ukuta. Lina mashamba, na mashamba yana hesabu zake. Kila jioni mimi, mfungwa mtunza stoo, hupokea miundu kumi na miwili na kutia sahihi daftarini. Ukipotea hata mmoja, naongezewa kifungo. Nilikuwa nimebakiza siku tisa.

Mundu namba saba niliujua kama ninavyoujua mkono wa mke wangu. Mpini wake ulipasuka, nikaufunga waya mwenyewe. Huu niliopokea jioni hii, wenye namba saba mbichi, mpini wake ulikuwa mzima, hauna waya. Basi ule wangu ulikuwa na nani?

Niliwatazama wenzangu waliochuchumaa mlangoni. Viganja vyao vilijaa udongo mweusi mtupu.

"Mzee, unauhesabu au unauposa?" mmoja akatania. Wakacheka.

Afande akaja na daftari. "Imetimia?"

"Huu namba saba nautilia shaka, afande."

"Miundu ni kumi na miwili. Macho yako ndiyo yamezeeka." Akalifungua daftari mbele yangu, akashusha sauti. "Tia sahihi, mzee wangu. Siku tisa si nyingi, lakini huwa zinazaa."

Kidole chake kilikandamiza ukurasa. Pembeni mwa ukucha palikuwa na rangi nyeupe.

Nikaishika kalamu, nikaandika polepole, kwa herufi kubwa: KUMI NA MMOJA.